Kikapu cha Malimbuko

Somo: Kumbukumbu la Torati 26:1-11

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Jumatano iliyopita, baada ya maombi ya nyumba kwa nyumba hapa Nyalenda, Kisumu, chai ilipomiminwa mazungumzo yaligeukia vijana wa Burundi wanaozunguka mitaani na karanga. Mmoja akasema wamezidi. Mwingine akasema Waganda wameingia saluni zote na kuharibu bei. Kufikia kikombe cha pili tulikuwa tumewarudisha wote kwao, kwa mdomo. Nami niliyeongoza somo muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Sisemi malalamiko yale ni ya bure. Mama anayesuka nywele Kondele, ambaye mteja wake amemhamia aliyepunguza shilingi hamsini, anadaiwa kodi ya nyumba. Ukimwambia "mpende mgeni" bila kumuuliza habari za kodi hiyo, umemhubiria mwenye njaa adabu za mezani.

Ila kuna methali tunayopenda kuitumia nusu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwa tunamsutia mtu mvivu. Hebu isikilizeni tena. Wazee walimpa mgeni jembe, maana yake walimpa na mahali pa kulima. Sisi akikaa bure tunamwita mzigo, na akilishika jembe tunamwita mwizi.

Turudi kwenye somo. Mwisraeli amevuna. Anaweka malimbuko kikapuni, anayapeleka kwa kuhani, na kikapu kinapowekwa mbele ya madhabahu anatakiwa kufungua kinywa. Haanzi na shukrani kwa mvua. Anaanza na ukoo: baba yangu alikuwa Mwarami wa kutangatanga, akashuka Misri, akakaa huko ugenini na watu wachache. Mtu yuko kwenye ardhi aliyopewa, mavuno ni yake, hakuna anayemdai kitu, na ndipo anapoamriwa kukumbuka. Nadhani Mungu alijua kwamba mwenye shida hukumbuka kwao bila kuambiwa. Anayesahau ni aliyejaza kikapu.

Na Kisumu yetu ina vikapu vya namna hiyo. Wajaluo wenyewe husimulia safari ya mababu kutoka Bahr el Ghazal, Sudan Kusini ya leo. Reli iliyoufanya mji huu kuwa mji ilifika ziwani mwaka 1901, ikiwa imejengwa na maelfu ya vibarua kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Wahindi wengi walikuja pia kufanya biashara, wakafungua maduka, wakazaa watoto hapa. Mwaka 1967 serikali yetu ilipitisha sheria zilizomtaka asiye raia awe na kibali cha kazi na leseni ya biashara. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, wakaanza kuondoka. Uingereza nayo, Machi 1968, ikapitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwafungia mlango. Fikirini mtu aliyezaliwa Kisumu, ana pasipoti ya London mkononi, na pande zote mbili zinamwambia si wa hapa.

Hasira hii ikishazoea kula haichagui chakula. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, haikuuliza tena pasipoti. Iliuliza jina la ukoo. Hapa Kisumu maduka yaliteketezwa. Nakuru waliofukuzwa walijaa uwanja wa maonyesho, na kule Bonde la Ufa Mkenya mwenzetu aliitwa "doadoa". Baadhi yetu tuliosoma Jumatano tulikimbia mwaka ule. Wengine, Mungu atuhurumie, tulitazama dirishani.

Mstari wa 11 unasema nani atafurahia mema ya kikapu kile: wewe, na Mlawi, na mgeni aliye kati yako. Yaani chakula cha ibada hakijakamilika mpaka mgeni ameketi. Nasi Jumapili ijayo ni mavuno. Tutaleta ndizi na kuku, tutafanya mnada mpaka saa tisa, na yule kijana wa karanga atakuwa langoni kama kawaida yake, kwa kuwa anajua watu wakitoka wana njaa.

Nimepewa nafasi ya kusema machache kabla ya sadaka. Babu yangu alitoka Maragoli kwa miguu kutafuta kazi bandarini, na usiku wa kwanza alilazwa na mtu ambaye hawakuelewana lugha. Jana usiku nilijaribu kulisimulia hilo kwa sauti, peke yangu jikoni. Sentensi ya kwanza ilinikwama: babu yangu hakuwa wa hapa.