Manyoya ya jogoo yameniokoa Kibirizi

Jana usiku nilitoka kuvua na mjomba hapa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika; mikono bado inanuka samaki hata baada ya kuiosha kwa ndimu. Nilienda na ndoana zangu mpya za dukani, zenye plastiki nyekundu na macho makubwa. Mjomba akazitazama akacheka: "Mpwa wangu, hayo mapambo ya harusi."

Mshipi wake una ndoana kama 10, kila moja imefungwa manyoya meupe ya jogoo na kauzi kanakong'aa alikochomoa kwenye kiroba. Basi! Kumbe jambo lenyewe ni jepesi: mgebuka, samaki tunayemvua, anafuata dagaa, na dagaa anafuata taa tunazowasha mtumbwini. Kinachotakiwa ni kitu chembamba, cheupe, kirefu kama dagaa, kinachometameta kidogo. Changu kilinenepa kama mende. Saa 2 nzima navuta maji matupu, mwenzangu anatoa wawili watatu kwa mkupuo.

Nikameza kiburi nikaomba. Akanipa, ila akanifundisha na mkono: shusha hadi pale mwanga wa taa unapokutana na giza, vuta kwa kushtua, achia, vuta tena. Mara nyingi wanauma wakati manyoya yanazama, siyo unapovuta. Nikapata 19! (Sawa, mmoja alichomoka ukingoni mwa mtumbwi, lakini namhesabu.)

Mwezi unakaribia kuwa mpevu, na mbalamwezi ikiwaka taa zetu hazina kazi, kwa hiyo hatutoki. Nina siku kadhaa za kufunga ndoana zangu. Jogoo wa jirani ajihadhari.