Mie nilikuwa naingia tu

Kuna maneno manne niliyoyasikia Jumapili na mpaka leo hayajanitoka. Nakaanga samaki, yapo. Niko kwenye kikao kazini, bosi anasoma taarifa ya robo mwaka, yapo. Usiku Baba Watoto ananiuliza mbona kimya, nami sijui nianzie wapi, kwa sababu ukiyatoa mahali yaliposemwa yanakuwa maneno ya kawaida kabisa.

Wiki yenyewe imekuwa na mambo yake. Barua ya uhamisho wa Baba Watoto imetoka kweli, na ni Pemba. Mahari ya mdogo wangu imekubaliwa jana, alhamdulillahi, na nyote mlionipigia nawashukuru. Hayo yatakuja. Leo niacheni na mlango wa Kiponda.

Wifi yuko hapa tangu shule za Muscat zifungwe, yeye na mwanawe, yule ambaye kwenye picha za Idi ya mwaka juzi alikuwa ananifika begani na sasa amenipita. Jumapili tulicheza mchezo wa mafumbo mitaani, na ni wifi aliyeulipia. Unapakua programu kwenye simu, unachagua Mji Mkongwe, unaanza saa uitakayo. Hakuna kiongozi wala wa kukusubiri. Simu inakupeleka mahali, inakupa fumbo, na jibu liko hapo hapo ukutani, kwenye nguzo, kwenye kibao, juu ya mlango. Ukilipata unaliandika, kufuli iliyochorwa kwenye kioo inafunguka, unapewa kipande cha hadithi na njia ya kituo kinachofuata. Ukikwama unaomba kidokezo, lakini kila kidokezo kinakugharimu dakika, na saa inahesabu tangu mwanzo. Hadithi ni ya Bibi Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, kwamba kabla ya kuondoka aliacha barua vipande vipande mjini na sisi ndio tunaoikusanya. Barua ni ya kubuni. Salme ni wa kweli, na kuondoka kwake mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza ni kweli.

Bi Mkubwa, mama mkwe wangu, alisema atakuja kunyoosha miguu. Alivaa buibui lake jipya na raba alizoletewa na wifi, mkoba mkononi, na tangu Forodhani alitembea nyuma yetu akisalimiana na watu. Mchezo ulikuwa wa watoto na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Tulianza Ngome Kongwe, ile waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno, na Kitinda wangu akalimaliza fumbo la meno ya ukuta kabla sisi hatujalisoma. Beit el Ajaib hawakuweka fumbo, na niliwapenda kwa hilo. Waliandika tu kwamba jumba lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, kwamba umeme uliwaka humo kabla ya kwingine Unguja, na kwamba tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ulianguka na watu wawili wakafariki. Saa ikasimama mpaka sisi wenyewe tulipobonyeza kuendelea. Aliyetunga hivyo ana adabu.

Nje ya Kasri ndiko mtoto wa wifi alikoanza kuuchukulia mchezo kwa moyo. Kipande cha hadithi kilieleza kwamba Salme alipokuwa msichana alifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika, kwa kuwa wasichana hawakuandikishwa, basi akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia uliokwajuka. Mtoto huyu ngamia anawajua. Alinyoosha kiganja hewani, akakipanua, akakadiria mfupa huo ungechukua mistari mingapi. Kisha akaniuliza, "Na aliyemkamata je?" Nikamwambia hakukamatwa, alikuja kuwa ndiye mwandishi wa kaka yake Barghash, walipopanga kumpindua kaka yao Majid mwaka 1859. Macho yalimtoka. Nilifurahi kweli, maana mambo haya nimeyasomesha wanangu mezani miaka na miaka wakanisikiliza kwa sikio moja.

Kisha tukaingia Kiponda na simu ikapotea. Kuta zinapanda pande zote mbili mpaka mbingu inabaki utepe, na kile kidoti cha buluu kinaruka kutoka kichochoro hiki hadi kile, kinapenya ndani ya nyumba za watu. Fumbo lilitutaka tutafute mlango wa kuchonga wenye boriti ya juu iliyonyooka, ule wa Kiarabu, si wa tao wa Kihindi, wenye samaki chini ya fremu na mnyororo umezungushwa ukingoni. Tuhesabu pete za mnyororo upande wa kulia.

Tukiwa tunageuza geuza simu, Bi Mkubwa akatupita. Hakusema kitu. Akakata kushoto, akakata kulia, akapita baraza waliyokaa wazee wakamwitikia kwa jina, akasimama mbele ya mlango.

Wale mliosoma habari ya sanduku la Bi Mkubwa mnajua ni mlango gani.

Mtoto wa wifi hakujua. Aliona samaki, akaona mnyororo, akapiga magoti akaanza kuhesabu. Samaki wenyewe wamebaki nusu. Kichochoro kimemwagwa zege mara nyingi mpaka limewafikia machoni, na pete za mwanzo zimezama humo. Upande wa juu chokaa imeingia kwenye michongo, kwa hiyo pete mbili zinaonekana moja. Akahesabu, akaandika, simu ikakataa. Akahesabu tena akigusa kila pete kwa kidole, simu ikakataa. Wifi akamwinamia akamnong'oneza kwamba hapa ndipo alipozaliwa bibi yake. Mtoto akasimama, uso umemng'aa, kwa sababu sasa jibu alikuwa nalo mtu kabisa.

"Bibi, mnyororo huu una pete ngapi?"

Bi Mkubwa alikuwa ameweka mkono kwenye fremu, kama kimo cha bega lake, mahali ambapo mti umekuwa mweusi na laini kwa kushikwa na watu. Ubao mmoja wa mlango ulikuwa wazi. Ndani redio inasikika, mtu anakaanga vitunguu, na kanga mbili zimeanikwa uani. Hakuinua uso kuuangalia huo mnyororo.

"Sijui, mwanangu. Mie nilikuwa naingia tu."

Basi. Ni hayo. Akatoa mkono, akaweka sawa mtandio, akatuambia twende zetu, tusiwazibie watu njia.

Wifi usiku ule alilia. Anasema tumempeleka mama kuiona nyumba yake ikiwa ya watu, akaulizwa maswali mlangoni kama mpangaji, na kwamba sauti ya mama ilikatika alipojibu. Mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko wifi. Nilikuwa nimeshika mkoba wake. Sauti haikukatika. Nimeirudia kichwani asubuhi na jioni, nimeisema mwenyewe jikoni kwa sauti yake, nikajaribu kuisema kwa huzuni na haikukaa. Alivyoisema, alikuwa anamjibu mtoto aliyeuliza jambo lisilomhusu yeye. Nani huhesabu mlango wa kwao? Mgeni ndiye anayesimama nje akatazama. Yeye alikuwa anatoka chuoni na msahafu kifuani, anaruka kile kizingiti kirefu, anamwita mama yake kabla hajafika uani. Hivyo ndivyo nilivyomsikia, na nimemwambia wifi hivyo hivyo. Wifi akanijibu, "Wewe umeolewa tu kwetu, huwezi kujua." Hili nalo limenichoma, lakini wifi ni wifi, na aliyekaa mbali na mama yake miaka yote hiyo husikia kilio hata mahali pasipo na kilio.

Ila sina uhakika wa kulalia. Kwa nini hakuingia? Ubao ulikuwa wazi. Angepiga hodi, angekaribishwa, Waunguja hatumfukuzi mtu mzima mlangoni. Hilo nalirudia pia. Na kwa nini alitupeleka pale wakati mlango wa kwenye mchezo, kama tulivyokuja kuuona baadaye, uko kichochoro cha pili?

Maana huo wa mchezo tuliupata. Umepakwa mafuta, misumari ya shaba inang'aa, pete zote zinahesabika, na kufuli ikafunguka mara ya kwanza. Mtoto wa wifi aliandika namba bila kushangilia.

Mkunazini sikuufurahia mchezo. Kanisa lile limesimama palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa Juni 1873 Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na nje yake kuna lile shimo lenye sanamu za watu waliofungwa shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Fumbo lilitutaka tuwahesabu. Mtoto alitazama minyororo, akanitazama mimi. Nilimwambia aombe kidokezo, dakika zikatwe, hapa hatuhesabu. Akaomba. Waliotunga kituo cha Beit el Ajaib kwa adabu ile wangeweza kufanya hivyo na hapa, na nimewaandikia kuwaambia. Ndani ya kanisa walirudi kwenye mstari: wanakupeleka kwenye zile nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini, ambazo husemwa mafundi walizisimika Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa safarini, na fumbo la mwisho ulilisoma ukiwa umeigeuza simu juu chini. Kitinda alicheka peke yake mpaka mlinzi akamtazama.

Tulimalizia Jaws Corner kwa kahawa na kashata. Simu ikatoa nafasi yetu, wifi akaifunga bila kuisoma, na Bi Mkubwa hakuuliza. Tulimrudisha Michenzani, tukampandisha ngazi, akasema amechoka.

Siku zile mbili zilizofuata niliamini wifi alikuwa na haki.

Juzi Jumatano, mchana, niko kazini, Bi Mkubwa akapiga. Yeye hapigi mchana. Nikatoka nje mbio nikidhani presha. Salamu, watoto, Baba Watoto, Pemba wanamtaka lini. Kisha:

"Tulitoka wa ngapi?"

Sikumwelewa. "Wa ngapi wapi, mama?"

"Kwenye mchezo wenu. Mtoto amenambia wanapanga watu. Tulitoka wa ngapi?"

Nilimwambia nitauliza. Akasema nisiulize tu, niwaandikie wenyewe, kwa sababu dakika tulizopoteza pale Kiponda si halali kutukata. Mtoto alihesabu mlango wenye samaki, wenye mnyororo, wenye boriti iliyonyooka, kila kitu kama walivyotaka. Kama walikuwa wanautaka ule mwingine, wangesema. "Na ule wao mdogo. Mlango wetu ni mzuri kuliko wao, hata ukiwa na vumbi. Mafuta yale wanapaka kwa ajili ya picha." Aliongea hayo kwa kasi, kwa ubishi, kama anavyobishana na muuza samaki ambaye wanaheshimiana. Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwamba ubao wa kulia ndio uliokuwa ukifunguliwa siku zote na wa kushoto mpaka iwe harusi au jeneza, kwamba komeo lilikuwa zito hawezi kulifikia mpaka apande juu ya kinu, na kwamba uani kulikuwa na kisima chenye maji matamu, majirani wakija kuchota. Nilisimama kwenye jua la ukuta wa ofisi nikasikiliza mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuingia?"

"Kulikuwa na mtu anapika," akasema. "Utaingiaje na jeshi lote lile mtu anapika? Nitakwenda siku nyingine na huyu mtoto, asubuhi, tupige hodi kama watu."

Hakuna kilio humo. Nilimpigia wifi pale pale nikamsomea yote, neno kwa neno, na wifi akanyamaza, kisha akacheka, kisha akasema atabadilisha tikiti wakae wiki moja zaidi. Mtoto ameshaandika malalamiko yetu kwa wenye mchezo, kwa Kiingereza kizuri, akaambatisha picha ya samaki waliozama kwenye zege. Bi Mkubwa ametaka picha hiyo itolewe, aitie kwenye fremu.

Kwa hiyo yale maneno manne sasa nayasikia kwa sauti ya Jumatano, na bado hayaondoki, lakini nayafurahia yakiwepo. Nilifikiri nikiyaandika nitalala.

Ila saa hizi zimepita saa nne usiku na nimefungua ujumbe wa mwalimu wa darasa la Kitinda. Anataka kuniona Jumatatu kabla ya vipindi, mimi peke yangu, na hakusema sababu. Nimemuuliza Kitinda mwenyewe, anasema hajui kitu. Nimefungua begi lake kutafuta daftari la hesabu na halimo, na chumbani kwake pia sijaliona. Baba Watoto amelala. Sijui nimwamshe au nisubiri asubuhi.