Sentimita Tano za Mwisho

Kupima ugumu wa theluji hakuhitaji mashine. Mpimaji huchimba shimo hadi ardhini, huunyoosha ukuta mmoja wa shimo kwa sepetu mpaka usimame wima kama ukuta uliopigwa lipu, kisha hulijaribu kila tabaka kwa mkono wenye glavu: kwanza ngumi, ngumi isipoingia, vidole vinne, visipoingia, kidole kimoja, kikishindwa, penseli, na penseli ikikataa, kisu. Tabaka ambalo hata kisu hakiliingii huandikwa kuwa ni barafu. Nilikuwa nimeyafanya hayo katika mashimo kumi na moja kwa muda wa wiki mbili, na nilikwisha kujiona fundi, siku ambayo mzee mmoja mfugaji wa Kisami, jamii ya wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, aliizima pikipiki yake ya theluji kando ya shimo langu la kumi na mbili, akachungulia ndani, akaniuliza mbona sijafika chini.

Nilimjibu kwamba nimefika. Majani makavu yalikuwa yanaonekana.

Ilikuwa Februari, katika msitu wa misonobari mashariki ya Kiruna, kaskazini kabisa mwa Uswidi, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Makao yangu yalikuwa Abisko, kilomita zipatazo 200 ndani ya Duara ya Aktiki, mstari ambao kaskazini mwake kuna siku za baridi jua halichomozi kabisa, kwenye kituo cha utafiti kilichojengwa kando ya ziwa Torneträsk. Kituo hicho kimekuwa kikiandika hali ya hewa tangu mwaka 1913, na mtu akiyafuata madaftari yake anaona kwamba kufikia mwaka 2006 wastani wa halijoto ya mwaka ulikuwa umepanda kwa nyuzi 2.5 za Selsiasi na kuvuka sifuri. Palipo na joto la kutosha, nyuzi mbili na nusu ni suala la kuvaa sweta au kuivua. Pale ambapo maisha yote yamejengwa juu ya maji yaliyoganda, sifuri ndiyo mpaka wenyewe, na kuuvuka ni kubadilisha kilichoko chini ya miguu ya watu na wanyama. Tangu mwaka 1961 kituo hicho hicho kimekuwa kikichimba mashimo ya theluji na kuandika tabaka zake, na katika miongo ya karibuni tabaka zilizo ngumu sana zimezidi kuongezeka. Kazi yangu ilikuwa kipande kidogo tu cha habari hiyo: kupima theluji ya msituni, kwenye malisho ya majira ya baridi, ili mradi wetu useme kitu kuhusu namna wafugaji wa reindia watakavyoweza kuishi na baridi isiyotabirika.

Kwa msomaji asiyemjua, reindia ni mnyama wa jamii ya kulungu, ambaye majike wake pia wana pembe, na Wasami wamemfuga kwa karne nyingi katika Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola nchini Urusi. Majira ya joto hupanda milimani. Majira ya baridi hushuka misituni, ambako hula kuvumwani, ule uoto wa kijivu unaotokana na kuvu na mwani vilivyoungana, unaotandaa ardhini mithili ya zulia. Huunusa kupitia theluji, akachimba kwa kwato za mbele. Theluji ikiwa laini, hata iwe na kina, mnyama huyo huweza kuipangua.

Mzee yule alishuka shimoni bila kuomba ruhusa, na sikuona sababu ya kumzuia, kwa kuwa shimo lilikuwa kwenye malisho ya jumuiya yake. Kiswidi changu kilikuwa cha darasani, chake kilikuwa cha mtu aliyekulia katika lugha nyingine, kwa hiyo tuliongea polepole na kuelewana vizuri kuliko nilivyowahi kuelewana na watu wa mjini. Alipiga magoti. Aliikomba kwa kiganja theluji ya chini, ile ya punje kubwa zinazomiminika kama sukari, akaniambia kuwa hii kwa Kisami ni seaŋáš na kwamba ni theluji nzuri, mnyama anaipangua bila taabu na binadamu akiiyeyusha anapata maji mengi. Nilikuwa nimeiandika kwa jina lake la kitaalamu na kueleza katika safu ya maoni jinsi inavyoumbwa na mvuke unaopanda kutoka kwenye ardhi yenye joto kidogo kuelekea hewa baridi iliyo juu. Nilimwonyesha daftari. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu mzima anavyomsifu mtoto aliyechora nyumba.

Kisha alichomoa kisu kiunoni, akagonga chini ya ile sukari.

Mlio wake sijausahau. Hakikuwa kishindo cha udongo ulioganda, ulio mzito na usio na mwangwi. Kilikuwa kitu chembamba, kama kijiko kinapogusa sahani ya kauri. Alichokonoa pembeni kwa subira mpaka likabanduka pande moja lenye unene wa kidole, likiwa wazi upande wa juu kama kioo cha dirisha, na upande wa chini limeng'ang'ania vishada vya kuvumwani, majani ya misonobari na mdudu mmoja mdogo mweusi aliyefia humo. Alilinusa, akanipa nami ninuse. Lilikuwa na harufu ya ghala lililofungwa. Akasema kwamba ukungu unaanza, na kwamba hata siku reindia watakapofika kwenye chakula hicho, huenda wasikitake. Pande lile aliliita bodneskárta, na neno hilo alinitamkia mara tatu hadi nikalishika.

Katika daftari langu, mahali pale palikuwa na neno moja: uoto. Chombo changu cha kupimia uzito wa theluji kilikuwa na kimo cha sentimita tano, hakikuweza kukaa sawasawa juu ya vichaka na mizizi, kwa hiyo katika kila shimo nilikuwa nimeziacha sentimita tano za mwisho kana kwamba si theluji tena. Hakuna aliyenielekeza nifanye hivyo. Niliona tu kwamba namba za chini zinanivurugia wastani.

Namna barafu ile ilivyofika pale nilipaswa kuijua kuliko mtu yeyote, maana niliishuhudia ikianza. Mwezi Desemba mvua ilinyesha siku mbili, mvua ya kweli, juu ya theluji changa. Nilikuwa Abisko, jua lilikuwa limekwisha kutoweka kwa wiki kadhaa, nami nilisimama chini ya paa la bati la banda la vifaa nikisikiliza, nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu ulikuwa ni mlio wa nyumbani. Maji yale yalipenya theluji nyepesi yakafika kwenye ardhi iliyokwisha kuganda, na baridi iliporudi yakaganda hapo hapo, yakaifungia kuvumwani ndani. Baadaye theluji mpya ikafunika kila kitu, nzuri, nyeupe. Nilipotengeneza jedwali la mwezi ule, wastani wa halijoto ulikuwa chini ya sifuri kama inavyotarajiwa. Zile siku mbili zilimezwa na siku ishirini na tisa nyingine, na jedwali langu lilionyesha Desemba ya kawaida.

Nilimweleza mzee habari ya lile jedwali, labda kwa kutaka kujitetea. Aliniuliza kama ng'ombe wanaweza kula wastani.

Swali hilo lilinirudisha kwetu Longido, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 2009. Baba yangu alikuwa afisa mifugo, na katika ukame ule uliomaliza ng'ombe wa Wamasai alizunguka bomani akijaza fomu. Fomu ilikuwa na safu ya walio hai na safu ya waliokufa. Haikuwa na safu ya kuandika ni boma lipi lililohamisha ng'ombe mapema, wala wapi njia ya kwenda kwenye nyasi ilikuwa imefungwa na shamba jipya, mambo ambayo kila mzee aliyempa baba maziwa au chai alikuwa akimweleza bila kuulizwa. Baba aliyaandika nyuma ya karatasi. Mimi nilikuwa nikizipanga karatasi zile mezani kwetu jioni, nikidhani maandishi ya nyuma ni uchafu.

Tulipanda juu tukakaa kwenye ngozi ya reindia aliyoitandika juu ya theluji, akatoa chupa ya chai iliyojaa kahawa. Aliniuliza wafugaji wa kwetu hufanyaje nyasi zikiisha. Nikamwambia wanahama, na wakishindwa kuhama wanakata matawi ya miti wakawashushia mifugo majani. Akacheka kwa mara ya kwanza. Alisema babu yake alikuwa akifanya hivyo hivyo: theluji ikifunga ardhi, anaangusha miti mizee yenye kuvumwani ya kuning'inia, ile inayoonekana kama ndevu kwenye matawi, na reindia wanakimbilia sauti ya shoka. Kisha akaelekeza kidole upande wa pili wa bonde, ambako miti yote ilikuwa na kimo kimoja kama askari wa gwaride. Ilikuwa imepandwa na kampuni ya mbao. Miti ya umri ule haina ndevu.

Katika taarifa za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi utasoma kwamba wafugaji wana njia mbadala: kuhama, kufunga uzio, kununua chakula. Zote zipo, na nimewaona wakizitumia. Lakini kuhama kunahitaji mahali pa kuhamia, na nchini Uswidi eneo la misitu yenye kuvumwani nyingi ardhini limepungua kwa asilimia 71 katika muda wa miaka 60 hivi, sababu kubwa ikiwa ni namna misitu inavyovunwa na kupandwa upya. Chakula cha kununua nacho kina mambo yake. Reindia aliyezoea kuvumwani hawezi kubadilishiwa mlo kwa siku moja. Tumbo lake linachacha na anaweza kufa akiwa ameshiba. Wakikusanywa uani ili walishwe, ugonjwa wa macho huenea kwa haraka kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mzee alisema pia jambo ambalo sijaliona katika taarifa yoyote niliyoisoma wakati ule, kwamba ndama anayelelewa kwenye mfuko wa chakula hajifunzi kuchimba, na kwamba kwa hiyo kila mwaka mbaya humwachia mwaka unaofuata wanyama wajinga zaidi kidogo.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Aliyasema kama fundi anavyoeleza hitilafu ya gari. Alitaka kujua jambo moja tu kutoka kwangu: barafu ile imefika wapi. Yeye na wenzake walikuwa wamekagua upande wa mto na walijua kule kumeharibika; walichohitaji ni kujua kama vilima vya kaskazini, ambako mimi nilikuwa nimechimba mashimo kumi na moja, kuna mahali palipopona. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nchi ile, mtu alikuwa ananiuliza swali ambalo utafiti wangu ungeweza kulijibu siku hiyo hiyo, na sikuwa na jibu.

Niliporudi kituoni usiku nilimweleza msimamizi wangu bila kuficha. Hakunikaripia, aliangalia daftari kwa muda mrefu, akauliza nina siku ngapi za gari zilizobaki. Zilikuwa nane.

Kesho yake nilianza upya tangu shimo la kwanza. Shimo la theluji halichimbwi mara mbili, ukuta ukishakaa wazi hewani huharibika, kwa hiyo nilichimba mapya mita chache kando, na safari hii nilianzia chini kwenda juu. Niliongeza safu mbili pembeni mwa daftari nikaziandika maneno ya mzee, bodneskárta na seaŋáš, kwa herufi zake, hata ile š ya mwisho sikuiacha. La kwanza lilikuwa na barafu. La pili na la tatu pia. La nne, lililokuwa kwenye mteremko chini ya misonobari mikubwa, halikuwa nayo. Nadhani matawi yalikuwa yamezuia mvua. Kidole kiliingia hadi kwenye kuvumwani kavu, laini, isiyonuka. Nilimpigia simu mzee nikiwa bado nimepiga magoti shimoni, nikamsomea namba za mahali nilipo. Aliniuliza kama nimejaribu na hatua kumi mbele. Nikaenda nikajaribu. Akauliza na hatua hamsini. Hatua ya hamsini kisu kilikataa.

Alinishukuru, akasema ni padogo mno, panatosha wanyama mia kwa siku tatu pengine, na wao wana wengi kuliko hao. Walikuwa wamekwisha kuagiza malori.

Nilipofika shimo la tisa, siku ya sita, nilikuta theluji yote ya eneo lile imevurugwa. Reindia walikuwa wamepita usiku. Palikuwa na vishimo vya kwato kila mahali, vingi mno, kila kimoja kimeishia kwenye kioo kile kile, na juu ya kioo palikuwa na michubuko ya kwato, mingine yenye alama ndogo ya damu. Nilipima vina vya vishimo ishirini. Baada ya hapo nilifuata nyayo mpaka barabarani, ambako zilikoma mbele ya alama za matairi, na pale chini palikuwa na punje chache za chakula cha kununua zilizomwagika, za rangi ya kahawia, ndogo kama maharage.