Pale waya inapokunja

Juzi binti yangu kanikuta nalehemu waya ya taa akauliza, "Baba mbona unakata kipande kizima?" Sikumjibu vizuri, ule moshi wa lehemu ulishanipeleka kwa mjomba na lile gari lake la stesheni wagoni.

Taa za nyuma zilikuwa zinazima kila mlango wa nyuma ukifunguliwa, mara fyuzi inaungua, na fundi wa kabla yetu alikuwa kasokota tu waya akazungushia tepu nyeusi basi. Mjomba akatoa kwanza terminali ya hasi kwenye betri, ndo akachomoa ule mpira wenye mikunjo pale kwenye bawaba. Ndani tepu imelainika kwa joto, gundi inanata vidoleni, shaba imeota kutu ya kijani, na waya zingine zimekatikia ndani wakati ganda la nje unaliona zima kabisa.

Nikamuuliza kama tunaunga palepale. "Hapana mjomba, hapa ndo panapokunja, jointi ikikaa hapa itakatika tena." Akakata pande zote mbili mpaka akaikuta shaba inayong'aa, akaweka vipande vipya vya unene uleule, virefu, ili maungio yote yaangukie nje ya mkunjo, tena yapishane, moja mbele moja nyuma, yasirundikane sehemu moja.

Halafu ile waya ya taa ya breki. Hii naiona mpaka leo. Alianza kuvika kimpira cha kusinyaa akakisogeza mbali na joto, maana ukishaunga hakiingii tena. Akazipishanisha ncha mbili, kila moja akaisokota juu ya mwenzake mpaka ikanyooka bila nundu. Chuma cha kulehemia akakiweka chini, lehemu akaigusisha juu, kwenye waya, sio kwenye chuma. "Subiri waya yenyewe iyeyushe." Tukasubiri. Mara ikazama, ikanywewa na zile nyuzi, ikang'aa, na nyuzi bado unaziona moja moja. Hakuipuliza wala hakuitikisa, akaiacha ipoe. Kimpira kikarudi juu yake, akapitisha kiberiti cha gesi kwa mbali, kikajibana mpaka gundi ya ndani ikachungulia pembeni.

Zilizobaki tukazimaliza haraka, taa zikawaka.

Siku hizi mafundi wengi wananiambia niachane na lehemu, nitumie vile vibomba vya kuminya kwa koleo, kwa sababu lehemu inapanda ndani ya waya inaifanya ngumu, na mtikisiko wa gari unaikatia pale ugumu unapoishia. Wana hoja nzito, hata viwandani waya za gari wanabana. Lakini mjomba alizifunga zile waya kwenye bodi huku na huku ya kila jointi zisicheze, kwa hiyo nahisi hilo alilijua. Angechagua kipi leo, bado nabishana na nafsi yangu. Nadhani angebana moja kwanza, kisha angeivuta kwa nguvu zake zote kabla hajasema neno.