Nilivyoipa pointi Fury na Usyk raundi kwa raundi

Oktoba 2023, bondia wa Uingereza Tyson Fury alipopewa ushindi wa pointi dhidi ya Francis Ngannou kule Riyadh, nilibishana hadi sauti ikakauka. Ngannou wa Kamerun hakuwahi kupanda ulingo wa ndondi za kulipwa kabla ya siku ile, na raundi ya 3 akamwangusha Fury chini. Nikasema kaibiwa. Mjomba wangu, aliyecheza ndondi ujanani, akaniuliza taratibu: "Mpwa wangu, ukiacha hiyo ya 3, nitajie raundi nyingine alizoshinda." Sikuwa na jibu. Konde moja lilikuwa limezifunika raundi nyingine zote 9 kichwani mwangu.

Kwa hiyo Fury alipokutana na Oleksandr Usyk wa Ukraine, usiku wa kuamkia 19 Mei 2024, niliingia kibanda umiza cha huku kwetu Majengo, Moshi, na daftari na peni. Nilishachora mistari 12 na safu tatu: ya Fury, ya Usyk, na ya tatu ya kuweka alama ya kuuliza pale ambapo sina uhakika. Kengele ikilia naandika hapohapo, kabla sijamsikiliza mtu. Kumi kwa aliyeshinda raundi, 9 kwa aliyeshindwa, na akiwa ameangushwa, refa akamhesabia, anapata 8. Raundi ikishapita imepita, hata kama iliyofuata imenitoa machozi.

Ilikuwa masika. Mvua ilianza kupiga mabati mapema, sauti ya mtangazaji ikamezwa kabisa. Watu walinung'unika, lakini mimi ndipo nilipogundua kwamba miaka yote nilikuwa nahesabu kwa mdomo wa mtangazaji. Yeye akipiga kelele, mimi naamini ngumi imeingia, kumbe imeishia kwenye glovu. Usiku ule nilibaki na macho tu, na neno la Mjomba: "Usimtazame anayerusha. Mtazame anayerushiwa."

Nikamtazama Usyk raundi ya 4 hadi ya 7. Fury alimdunga jebu, zile ngumi za haraka za mkono wa mbele, tumboni, kisha akampandishia ngumi za kutoka chini, na mwili wa Usyk ulikuwa unajikunja. Moyo wangu ulikuwa kwa Usyk, mtu mfupi kuliko Fury, aliyepanda kutoka uzito wa chini kuja kupigana na majitu, lakini zote nne nilimwandikia Fury.

Kazi ilikuwa kwenye raundi zinazokaribiana. Majaji wanaangalia mambo manne: ngumi safi zilizofika, kushambulia kwenye tija, kuutawala ulingo, na kujikinga. Mimi nayafuata kwa mpangilio huo, na siendi la pili mpaka la kwanza lishindwe kuwatenganisha. Mara nyingi ngumi safi zinamaliza kesi. Anayesonga mbele huku anakula jebu za uso hajashinda kitu kwa kusonga kwake.

Raundi ya 9 kibanda kilisimama. Usyk alimpata Fury na mkono wa kushoto, Fury akayumba kutoka kamba hadi kamba, refa akaingia kati na kuanza kuhesabu. "Mangi, huyo hajaanguka!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. Kweli hakugusa chini. Lakini kanuni inasema kama ni kamba tu zilizokuzuia usianguke, unahesabiwa kama umeanguka. Nikaandika 10 kwa 8.

Mwisho nilipata raundi 6 kwa 6. Kwa sababu ya ile kuhesabiwa, ikawa 114 kwa 113, Usyk. Mjomba hakuwa na daftari. Alikuwa amepanga njiti za kiberiti juu ya benchi, kichwa juu kwa Fury, kichwa chini kwa Usyk, na ile ya 9 ameivunja katikati. Zake zilikuwa 7 kwa Fury, 5 kwa Usyk: 114 kwa 113, Fury.

Majaji wakasoma. Craig Metcalfe wa Kanada, 114 kwa 113 Fury, sawasawa na njiti za Mjomba. Mike Fitzgerald wa Marekani, 114 kwa 113 Usyk, kama daftari langu. Manuel Oliver Palomo wa Hispania, 115 kwa 112 Usyk. Wawili kwa mmoja, Usyk akashinda. Huyo wa Hispania aliona 7 kwa 5 kwa Usyk. Piga hesabu mwenyewe: mrudishie Fury ile pointi moja ya kuhesabiwa, karatasi ya Fitzgerald inakuwa 114 kwa 114, jaji mmoja kwa Fury, mmoja kwa Usyk, mmoja katikati, na pambano zima ni sare. Walionipigia kelele kwamba Fury kadhulumiwa niliwafungulia daftari, nikawaomba wanionyeshe ni raundi ipi. Wawili walikaa tukapitia mstari kwa mstari. Wengine waliondoka na mvua yao.

Na Mjomba, tulipolinganisha njiti na mistari, tulitofautiana raundi moja tu, ya 11. Jumapili jioni tuliitazama kwenye simu yangu bila sauti, mara tatu. Hakuigeuza njiti yake. Mimi sikufuta 10 yangu. Ila kwenye safu ya tatu, mbele ya 11, niliweka ile alama ya kuuliza ambayo usiku ule sikuiweka.