Nilivyochagua Mikumi kwa ajili ya mamaangu

Mamaangu alitaka kumwona twiga. Simba aje asije, ndovu aje asije, hamu yake ilikuwa twiga, ambaye sisi wa Unguja tumezoea kumwona kwenye televisheni tu. Jozani kwetu tuna kima punju na paa nunga, wanyama wa kujivunia hasa, lakini twiga hatuna. Basi nilipoanza kutafuta pa kumpeleka nilijiuliza hilo kwanza: wapi mtu mzima mwenye magoti mabovu atamfikia twiga bila ya kuteseka?

Ndugu zangu karibu wote walitaja Ngorongoro. Nawaelewa, maana kreta ile, lile shimo kubwa la volkano ya kale, haina mfano wake, na faru wamo. Ila chini ndani ya kreta twiga hakuna! Kuta zake ni mteremko mkali, na uwanda wa chini una majani mengi kuliko miti ya kumshibisha mnyama yule. Tena ukingoni unakolala ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai huko ni cha koti zito. Mtu wa pwani, magoti yanamuuma hata ikinyesha usiku, nimpeleke akajikunyate ndani ya blanketi? Nikaiacha.

Serengeti twiga wamejaa, lakini kutoka Arusha kwa gari unashinda njiani, na mwisho wa safari ni vumbi na mitikisiko. Kwa ndege ndogo ni raha, ila kwa bei ile wajukuu wangebaki nyumbani.

Saadani ilinivuta sana. Iko ng'ambo yetu hapo, kati ya Bagamoyo na Pangani, na mbuga yake inafika mpaka ufukweni mwa Bahari ya Hindi. Twiga wapo. Nilichohofia ni vichaka na majani marefu yanayowaficha wanyama, na ule udongo mweusi ambao ukilowa tu gari linanasa.

Ikabaki Mikumi. Barabara kuu ya kwenda Iringa inaipasua katikati, kwa hiyo ni lami mpaka getini, na uwanda wa Mkata ni wazi, mnyama unamwona yungali mbali. Tulikwenda skuli zilipofungwa katikati ya mwaka, masika yamekwisha na majani yameanza kukauka. Bahari ya kusi huchafuka, nikakata tiketi za boti ya asubuhi. Dar tukapanda treni ya SGR mpaka Morogoro, na hapo gari ikatupokea. Treni ndiyo iliyoyaokoa magoti ya mama, kwani aliweza kuinuka na kutembea kidogo.

Kwenye gari ndiko pesa nyingi inakokwenda, maana unalipia gari zima na si kichwa. Kabla ya kutoa hata shilingi nilimuuliza mwenye gari: paa linafunguka? Ngazi ya kupandia iko chini kiasi gani? Viingilio vya hifadhi vimo kwenye bei yako? Tutakula wapi chakula cha halali, na tutasali wapi? Aliyenijibu yote bila ya kuzungukazunguka ndiye niliyemchukua. Vitambulisho vya taifa tulibeba, maana raia hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana kuliko mgeni.

Mkata hatukusubiri. Twiga walikuwa kando ya njia, mmoja akichuma majani ya mgunga kwa ulimi mrefu wa rangi ya zambarau iliyoiva, akiuzungusha katikati ya miiba bila ya kuchomwa. Mama akamwambia dereva, "Mwanangu, zima gari." Dereva akazima. "Tazama kope zake," mama akawaambia wajukuu, "kama za bibi harusi." Tulikaa pale mpaka watoto wakaanza kudai viboko.

Kakaangu sasa anataka kuwapeleka vijana wake, na yeye sikumwambia Mikumi. Wale hawachoki na wanapenda maji, nikamwambia aitazame Nyerere, hifadhi iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, wapande boti Mto Rufiji wawaone viboko na mamba humohumo majini. Asiende wakati wa masika tu, maana njia nyingi za huko hazipitiki.