Nilivyolipigania boza la zimamoto, na watu wawili niliowaacha nje

Mi sikuwahi kushika hozi, ule mpira wa kumwagia maji, kwenye moto, niseme mapema wazee wa kazi wasije wakanirushia mawe. Nilikuwa mpokea simu kwenye kikosi cha zimamoto cha halmashauri moja ya mji huku kanda ya ziwa, jina siliweki. Enzi hizo zimamoto ilikuwa ya halmashauri, haya mambo ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Mambo ya Ndani yamekuja na sheria ya 2007, kabla ya hapo mshahara, dizeli, buti, kila kitu mnamsubiri mkurugenzi na mweka hazina wake. Na kwa vile nilikuwa na mwandiko mzuri na muda wote nipo kwenye kiti, wenzangu wakanichagua katibu wa tawi la TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, nadhani nusu yao walijua ni kazi ya kuandika mahudhurio tu.

Sasa mwanzoni mwa 2005 likavuja kabrasha la bajeti. Mhudumu wa masjala ndo alitupenyezea, Mungu ambariki. Kikosi kimepigwa panga vibaya: boza, lile gari la kubebea maji, lipaki, zamu tatu ziwe mbili yaani mtu akeshe masaa kumi na mbili, vibarua sita waondolewe, na overtime wameandika "itaangaliwa", neno ambalo mtumishi yeyote wa umma analijua maana yake.

Na kusema ukweli hela haikuwepo. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003, ile ambayo mgambo walikuwa wanakukimbiza alfajiri ukiwa na kandambili mguu mmoja, mtaani tulishangilia na mi nilishangilia kuliko wote maana kaka yangu alishawahi kulala ofisi ya mtendaji kwa ajili ya hiyo kodi. Mwaka uliofuata ada za leseni kwa biashara ndogondogo nazo zikaondoka. Serikali kuu ikaleta ruzuku ya kufidia, ila kwetu mapato ya ndani yakabaki ushuru wa soko na ushuru wa samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na ziwa lina miezi yake.

Vijana wakataka mgomo. Kikao cha kwanza kilifanyikia chini ya mwembe nyuma ya stoo ya hozi, kelele tupu. Nikawasomea kwamba sheria mpya ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetuweka kwenye huduma muhimu, zimamoto tupo kundi moja na maji, umeme, hospitali na waongoza ndege, mgomo kwetu haupo. Mmoja akasema basi tufanye mgomo baridi, simu ikiita tutoke taratibu. Dereva wetu mzee, mtu wa maneno machache kweli, akamuuliza, "Ikiita ya kwenu je?" Kikao kikaisha hapo.

Mi nikafanya kosa la makatibu wote, nikaandika barua. Kurasa nne, nakala kwa mkurugenzi, afisa utumishi, mwenyekiti wa halmashauri, mpaka mkuu wa wilaya. Wiki tatu kimya. Nikapanda basi nikaja Mwanza kwenye ofisi ya mkoa ya chama nikiwa na barua yangu kwenye bahasha kama cheti. Katibu wa mkoa akaisoma yote, akaniuliza swali moja, Baraza la Wafanyakazi, kile kikao cha uongozi na wawakilishi wa wafanyakazi, limeshakaa? Nikasema limekaa, tumekunywa soda tumesaini tumeondoka. Akacheka. Kumbe bajeti lazima ipite pale kabla haijaenda kwa madiwani, na sisi tulichosaini tukijua ni posho ya kikao kilikuwa pamoja na muhtasari wa kukubali! Aibu niliyoisikia siku ile jamani acha tu.

Alafu akauliza la pili, gari likimaliza maji linarudi baada ya muda gani? Nikaanza eeh inategemea, na huku mi mwenyewe ndo naandika hizo saa kila siku kwa mkono wangu.

Niliporudi sikwenda nyumbani, nikaenda chumba cha simu nikavuta kitabu cha matukio nikaanza kupekua na rula. Niwaeleze wasiojua, kwenye kile kitabu unaandika simu imeingia saa ngapi, gari limetoka saa ngapi, limefika, maji yameisha, limerudi kujaza, limefika tena. Kuna ukurasa mmoja ulinisimamisha, moto wa vibanda pale mwaloni, nilikuwa zamu mimi. Simu imeingia 2:17 usiku, gari limetoka 2:21, limefika 2:34, maji yameisha 2:39, limerudi na maji 3:26. Dakika arobaini na saba katikati, na ziwa lipo pale pale unalisikia linapiga mawe.

Watu wanaotukana "zimamoto wamekuja hawana maji" wasikilize hapa. Maji yapo, gari letu lilikuwa linabeba lita elfu tatu, ukifungua hozi mbili hazifiki dakika tano. Kuvuta ziwani inatakiwa gari lisogee mpaka karibu na maji na pale mwaloni kuna mchanga laini, mitumbwi, nyavu na vichanja vya dagaa, ukiingiza gari usiku unalizamisha. Haidranti ya karibu, yaani bomba la mtaani la kujazia magari ya zimamoto, mtu alishaijengea kibanda cha chipsi juu yake. Kwa hiyo linakwenda kujaza kwenye tenki la idara ya maji upande wa pili wa mji. Kinachoziba hilo pengo ni boza, linakuja nyuma ya gari linalilisha maji. Usiku ule boza halikuwa na dizeli. Na ndo hilo wanataka kulipaki moja kwa moja.

Diwani wa kata ya mwaloni alishatusema vibaya kikaoni kuhusu moto huo huo. Nikamfuata kwake jioni, kitabu nimekifunga kwenye kitenge maana hakitakiwi kutoka ofisini, mtanisamehe. Nikamwambia mheshimiwa sijaja kuomba, nimekuja usome tu. Akavaa miwani, akafuata namba kwa kidole, alipofika 2:39 akaruka macho mpaka 3:26 akarudi tena nyuma. Akasema, "Mama, kwa hiyo hawa walikuwa hawajalala?" Nikamjibu hawajalala, walikuwa wanatafuta maji. 2005 ilikuwa mwaka wa uchaguzi, sijifanyi sijui kwamba hilo nalo lilimsogeza.

Yeye ndo akatupa nafasi siku ya Kamati ya Fedha. Mkuu wa kikosi alikuwa anaogopa, akasema mi sijui chochote ila gari linaenda kufanyiwa majaribio, mkilikuta uwanjani shauri yenu. Wakati waheshimiwa wametoka kunywa chai, maandazi mkononi, vijana wakafungua hozi mbili kuelekea uwanja wa mpira na mi nikashika saa ya dereva. Watoto wakashangilia. Dakika nne na sekunde ishirini, hozi zikalegea zikalala chini kama utumbo. Nikasema kwa sauti, sasa waheshimiwa tusubiri dakika arobaini na saba gari lirudi. Hakuna aliyejibu, mmoja akaangalia andazi lake. Kama dakika tatu tulisimama hivyo hivyo, sijawahi kuona dakika tatu ndefu vile, mpaka mwenyekiti akasema turudini ndani.

Wengi mkisimulia mambo haya mnaishia hapo. Mwenzenu jasho lilianza baada ya hapo. Mweka hazina aliniita, hakuwa mtu mbaya, akanigeuzia karatasi nione. "Dada, kasma ni hii, haitanuki," yaani fungu la kikosi kwenye bajeti. Dizeli na matairi ya boza na zamu ya tatu, au vibarua sita na overtime. Nikabishana naye siku mbili, tukakata semina, tukakata pazia za ofisi fulani (hiyo ilimuuma mtu), tukapandisha kidogo makadirio ya ada za ukaguzi wa kinga ya moto kwenye magesti na vituo vya mafuta ambazo kikosi kilikuwa hakikusanyi vizuri. Tukafika vibarua wanne wabaki. Wawili hapana. Overtime ya nyuma ikabaki "itaangaliwa".

Safari hii nikaomba Baraza la Wafanyakazi likae upya, na muhtasari nikausoma kila mstari kabla ya kusaini. Nikasaini. Kuna wanachama waliacha kunisalimia, wakasema katibu kauza watu kanunua dizeli, na mi sikuwa na la kuwajibu maana kwa hesabu ndo ilivyokuwa.

Boza lilitembea mpaka tulipokabidhiwa jeshini. Mi sikwenda jeshini, umri ulikuwa umeshaondoka, nikamalizia masjala nikastaafu.

Wale wawili, mmoja alihamia Geita kwenye dhahabu. Mwingine sasa ana meza ya dagaa hapa Mwanza, Kirumba Mwaloni, na mi huwa nanunua kwake. Ananipimia vizuri, kisado kinajaa mpaka kinamwagika, anafunga mfuko, anapokea hela, anamgeukia mteja mwingine. Miaka yote hii hajawahi kuniuliza habari za nyumbani.